Kila Gunia na Mwenyewe

Mama mdogo hakunizaa, lakini ukimuuliza mtu yeyote pale Utemini mimi ni mtoto wa nani, atakuonyesha mashine yake ya kukamua alizeti. Nilifika kwake nikiwa darasa la pili, baada ya mama yangu kufariki, na tangu siku hiyo ada, sare, madaftari, hata godoro langu la bweni, vyote vilitoka kwenye mashine hiyo. Leo nafundisha baiolojia sekondari hapa hapa mjini Singida. Wanafunzi wananiogopa kidogo kwa sababu nina hasira za karibu na sipendi mtu anayejibu swali kabla halijaisha kuulizwa. Ninayoyaandika hapa ni ya msimu ambao mimi mwenyewe nilifanya kosa hilo.

Msimu huo mama mdogo alikuwa na shida. Mashine mpya, kubwa, inayokamua haraka, ilikuwa imefunguliwa upande wa pili wa mji, na wateja wake wa miaka mingi wakaanza kupita mbele ya geti letu, magunia yakiwa juu ya guta, wakijifanya wanatazama upande mwingine. Siwalaumu. Kwetu foleni ilikuwa ya siku mbili, wakati mwingine tatu, na mtu ana mifugo inayomsubiri nyumbani. Siku moja tukimenya vitunguu aliniambia kwamba msimu ukiisha namna hii ataiuza mashine, arudi kijijini alime kama wenzake. Alisema vile vile anavyosema chumvi imeisha. Mimi ndiye niliyeshindwa kuendelea kumenya.

Wakati huo nilikuwa nasoma shahada ya pili, nikienda chuoni wakati wa likizo. Mada yangu ilikuwa ya ajabu kidogo, na walimu wenzangu walinitania nayo sana. Nilitaka kuchukua mawazo ya mitandao tunayoyatumia katika baiolojia na kuyapeleka kiwandani. Ni jambo rahisi ukilieleza taratibu. Chukua shamba la alizeti: nyuki anakula kwenye ua, ndege anakula mbegu, panya anakula zilizodondoka, nyoka anamla panya, mwewe anamla nyoka. Ukichora kila kiumbe kama duara na kila mlo kama mshale, utaona mambo ambayo macho matupu hayaoni. Utaona kiumbe ambacho kikiondoka wengine wote wanayumba. Utaona mahali ambapo njia nyingi zinapita kwenye tundu moja. Basi nami nikasema kiwanda nacho ni hivyo hivyo. Mashine inakula mbegu, inatoa mafuta na mashudu, mashudu yanaliwa na kuku na ng'ombe, samadi inarudi shambani, shamba linatoa mbegu. Msimamizi wangu wa utafiti alinitaka nitafute kiwanda cha kuchora, nikamjibu kwamba kiwanda ninacho nyumbani.

Nikachora. Nilichukua kalenda za zamani, nikazigeuza nyuma, nikaziunga kwa gundi ya karatasi, nikazibandika kwenye ukuta wa stoo. Nikaweka duara la gunia, la mzani, la mashine, la pipa ambamo mafuta hutulia ili machicha yazame, la chujio, la madumu, la mashudu, la kuku, la ng'ombe. Kila siku baada ya vipindi nilikaa kwenye kigoda na simu mkononi nikipima nini kinakwenda wapi na kwa muda gani. Fundi wa mashine, mtu mpole aliyeizoea mashine ile kuliko anavyozizoea nguo zake, alinitazama tu. Nilipomuuliza, kwa mpango wangu wa kitaalamu, mashine hii inakula nini, alifikiri kidogo akasema inakula mikanda. Alikuwa sahihi, kwa maana ule mwezi ilikuwa imeshakata mitatu.

Nilichokigundua kilinishtua. Sehemu kubwa ya siku mashine haikamui. Imezimwa, inasubiri. Mteja mmoja amemaliza, wa pili hajaanza, na katikati yao pana pengo refu la kusafisha, kukung'uta na kungoja.

Na sababu ya pengo lile, kwa jinsi nilivyoiona, ilikuwa desturi ya watu wetu. Huku kwetu mkulima hakubali alizeti yake ichanganywe na ya mtu. Anakuja na gunia lake, analikalia. Gunia likisogea kwenye foleni, anasogea nalo. Linapomiminwa kwenye mashine anasimama mpaka mbegu ya mwisho izame, kisha anahamia kwenye pipa, anangoja mafuta yake yatulie, anayaonja, anayafunga kwenye dumu lake, ndipo anaaga. Mashudu anamwachia mwenye mashine, hayo ndiyo malipo. Akibanwa na haja, anamwomba ndugu yake akae badala yake, na ndugu ni ndugu, si jirani wa kwenye foleni. Mwenye kiroba kimoja anasimamisha shughuli sawasawa na mwenye magunia kumi.

Mimi nikaona huo ni ushamba. Naliandika neno hilo kama nilivyolisema, kwa sababu nililisema, tena kwa sauti. Dawa yake nikaiona nyepesi: kila mtu apimiwe mbegu zake kwenye mzani, zimwagwe zote pamoja sakafuni, zikamuliwe mfululizo, na kila mtu apewe mafuta kwa uzito wa alichokileta.

Mama mdogo alikataa kwa wiki nzima. Sababu yake ilikuwa moja, kwamba watu hawajazoea. Nilimjibu kwa ile sauti ninayoitumia kwa kidato cha pili, kwamba mazoea si sababu. Akasema sawa, wewe ndiye uliyesoma. Angekuwa mtu mwingine ningesikia kejeli ndani yake, lakini mama mdogo alikuwa anamaanisha. Alinisomesha kwa jasho lake na aliiamini shule kuliko nilivyoiamini mimi. Kuuliza si ujinga, ndivyo ninavyowaambia wanafunzi kila siku. Mimi sikumuuliza mtu hata mmoja kwa nini analikalia gunia lake.

Siku za kwanza zilikuwa za sherehe. Wateja walinung'unika kidogo, lakini walipoona wanafika asubuhi na kuondoka kabla ya adhuhuri na dumu mkononi, wakanyamaza. Uwanja uliokuwa umejaa watu waliokaa juu ya magunia ukabaki mtupu. Nikaupiga picha, nikamtumia msimamizi wangu. Wateja wawili waliokuwa wamehamia kwenye mashine kubwa wakarudi. Nikamwambia fundi kwamba ameona sasa, kumbe tatizo halikuwa mashine. Yeye alifuta mikono kwa kitambaa chake cheusi akasema tu kwamba tumwombe Mungu.

Mama mdogo ana kawaida yake. Kila asubuhi, kabla ya chai, anakwenda kwenye pipa, anachovya kidole, ananusa, kisha anaonja. Asubuhi moja aliniita, na kwa jinsi alivyoniita taratibu nikajua kuna jambo. Akanipa kidole chake ninuse.

Dizeli. Haikuwa kali. Ilikuwa kwa mbali, lakini ukishainusa mara moja huwezi tena kujidanganya. Mle kwenye pipa mlikuwa na mafuta ya watu waliofika jana yake jioni, tuliyoyalaza yatulie, na pale sakafuni kulikuwa na lundo la mbegu zao zilizobaki, zote zimekwisha kuchanganyika. Namshukuru Mungu mpaka leo kwamba tulikuwa bado hatujagawa hata lita moja ya pipa lile. Mama mdogo alimfanyia fundi ishara azime mashine.

Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Methali hiyo kila mtoto anaijua, na mimi mwenye digrii nilikuwa nimeisahau.

Waliokuwa wakingoja walikuwa watu kama kumi na wanne, wengine wametoka mbali, Ikungi na vijiji vya kaskazini. Mama mdogo aliwakusanya akawaambia kilichotokea. Nilitegemea wapige kelele, na ningefurahi wangepiga. Walichofanya ni kutazamana. Zamani gunia likiwa na kasoro, mama mdogo alimvuta mwenyewe pembeni, akamwambia kwa Kinyaturu, taratibu, na jambo likaishia hapo kati ya watu wawili. Sasa jambo halikuwa na mwenyewe, kwa hiyo likawa la kila mtu. Mzee mmoja akasema wanaotoka upande fulani ndio wanaopakia magunia pamoja na mafuta ya trekta. Mwingine akamjibu vibaya. Watu waliokuwa wamekula pamoja muda mfupi uliopita wakaanza kuvuta mifuko yao, kila mmoja upande wake.

Hapo mama mdogo akapaza sauti. Ni mara chache nimemsikia akifanya hivyo.

"Kosa ni la mashine yangu," akasema. "Hakuna wa kumtazama mwenzake. Kila mtu ataondoka na mafuta yake leo."

Nilimshika mkono nikamvuta kando. Nikamwambia kosa ni langu, aniache nikaseme mwenyewe, watu wajue. Akautoa mkono wake, kwa upole. "Ng'ombe hashindwi na nunduye," akanijibu, akaenda kufungua stoo.

Mle ndani mlikuwa na alizeti yake mwenyewe, aliyoilima kijijini kwa mgongo wake, na ndiyo aliyokuwa ameiweka ya kumvusha miezi ya ukame. Aliitoa yote. Fundi aliosha mashine kwa maji ya moto, wakaanza kukamua, mafuta yakiingia kwenye masufuria ya nyumbani, na hadi jua linakaribia kuzama kila mtu alikuwa amepimiwa mafuta safi kwa uzito wa mbegu alizoleta. Mwisho wa yote stoo ilibaki na viroba vitupu na mchoro wangu ukutani. Mafuta mabovu yalikwenda kutengenezwa sabuni ya kufulia na mashudu yake tukayachoma, maana huwezi kumpa hata kuku.

Hakunigombeza. Alinipa ndoo, majivu na brashi, akaniambia nioshe pipa. Nililiosha siku tatu. Lilikuwa pipa kubwa, ilinibidi niingie nusu ya mwili, na nywele zangu zilinuka dizeli hata darasani. Lakini nafikiri kama angenigombeza ningejitetea, na nikijitetea huwa sifikiri. Mle ndani ya pipa sikuwa na wa kujitetea kwake.

Nilifikiri nini? Nilifikiri somo langu mwenyewe. Seli ina utando unaoizunguka, na kazi ya utando ni kuamua nini kiingie na nini kibaki nje. Mfugaji yeyote wa kuku wa kienyeji anajua kwamba kuku mgeni hafunguliwi siku ya kwanza akachanganyika na wenyeji. Hata mitandao ya viumbe porini, ile inayodumu mara nyingi imejigawa katika vikundi: ndani ya kikundi mishale ni mingi, kati ya kikundi na kikundi ni michache, na ugonjwa ukiingia kwa hawa unachelewa kuwafikia wale. Nimeyafundisha hayo mwaka baada ya mwaka, nimeyachora ubaoni kwa chaki za rangi. Nilipofika kwenye mashine ya mama mdogo nikahesabu mishale peke yake. Kuta nikaziona ni uchafu unaochelewesha mishale. Wale watu waliokaa juu ya magunia yao ndio walikuwa ukuta wenyewe, nami nikawaita washamba.

Nilipomaliza kuosha nilimfuata fundi, na safari hii niliuliza. Nikamuuliza, mashine inasubiri nini hasa? Akasema inasubiri pipa. Mafuta ya mteja yanataka kutulia, na yasipotulia huwezi kuingiza ya mwingine, na pipa ni moja. Nikaukimbilia mchoro. Ndivyo ilivyokuwa: kila njia, kutoka kila gunia, ilipita kwenye duara lile moja. Lilikuwa mbele ya macho yangu siku zote, ila nilikuwa nimekwisha kupata mtu wa kumlaumu. Fundi akasema, bila kujigamba, kwamba alishawahi kupendekeza ndoo, misimu kama miwili nyuma, lakini hakuna aliyelifuatilia.

Basi tukaleta ndoo kubwa zenye mifuniko, na wateja wengine wakaleta za kwao. Kila mtu mafuta yake yanaingia kwenye ndoo yake, imeandikwa jina, yanatulia pale kando naye akiwa ameketi karibu, na mashine inaendelea na gunia linalofuata. Foleni haikuisha kama ilivyoisha ile wiki ya sherehe zangu, lakini siku tatu zikawa siku moja. Wateja wakaanza kurudi. Ningependa kusema walirudishwa na ndoo, ila nawajua watu wetu. Walirudi kwa sababu wale kumi na wanne walikwenda kusimulia vijijini kwao kwamba yule mama alikamua alizeti yake yote ya akiba ili wao wasirudi mikono mitupu. Maneno ya kuuza mashine sikuyasikia tena, na sikuthubutu kuyauliza.

Siku chache baada ya kuanza kutumia ndoo, ilikuwa Jumamosi, tukapata mgeni. Alikuwa bibi mmoja wa upande wa Mtinko, mmoja wa wale waliopewa mafuta siku ile. Sote tulimwamkia shikamoo, mama mdogo akamletea kiti. Hakukaa. Alilitua dumu alilokuja nalo, nikaona nailoni niliyoifunga kwa mkono wangu kwenye mdomo wake bado iko vile vile.

"Nimeshindwa kuyapikia," akasema.

Kisha akasimulia. Gunia lenye dizeli lilikuwa lake. Lori lililompakia lilikuwa na madumu ya dizeli, moja likavuja, na chini ya gunia lake pakalowa. Alilinusa mwenyewe, akajua. Nilisikia hasira zangu zikipanda kama kawaida, mdomo nikaufungua. Yeye akanigeukia mimi, akamalizia.

"Lingekuwa la kukamuliwa peke yake, nisingelileta. Nani anajiwekea dizeli kwenye chungu chake? Lakini nilisikia mnachanganya. Nikasema langu ni moja tu, litapotea humo."

Mdomo nikaufunga. Nilikuwa nimedhani ukuta kazi yake ni kuzuia uchafu usisambae tu. Bibi yule alinifundisha kwamba ukuta ndio unaomfanya mtu asilete uchafu tangu mwanzo, kwa sababu anajua utabaki kwake. Sentensi yake hiyo niliiandika kwenye tasnifu yangu, bila kumtaja. Msimamizi wangu aliipigia mstari, akaandika pembeni kwamba nianzie hapo.

Mama mdogo alilichukua dumu, akafungua nailoni, akamimina mafuta kwenye sufuria, akakaanga vitunguu, akaunga mboga. Fundi aliitwa. Tukala ugali wa mtama sahani moja, watu wanne, na bibi ambaye mwanzoni alikuwa anachovya kwa ncha za vidole, baadaye alikula vizuri.

Tulipomaliza alisimama kunyoosha miguu, akauona mchoro ukutani kupitia mlango wa stoo. Akauliza ni nini. Nikamweleza, taratibu, kila duara na kila mshale, naye alikuwa anafuata kwa kidole: gunia, mzani, mashine, ndoo nilizokwisha kuzichora badala ya pipa, mashudu, kuku, ng'ombe. Alifika mwisho, akarudi mwanzo, akatafuta tena.

"Na mimi niko wapi?"

Nilitazama mchoro wangu wote, tangu kona hadi kona. Nilikuwa nimechora kuku. Nilikuwa nimechora hata mikanda ya fundi. Mtu hakuwemo hata mmoja, si bibi, si fundi, si mama mdogo aliyenifikisha mahali pa kujua kuchora. Nikamwambia ukweli kwamba hayumo.

"Basi niweke," akasema. "Niweke pale karibu na mashine, nione kinachotoka."

Nikachukua kalamu nikamweka, na wengine nikawaweka baada yake, huku machozi yakinitoka mbele ya watu, jambo ambalo silipendi. Nilimshukuru. Nilimshika mikono yote miwili nikamshukuru kwa sauti, na mama mdogo pia nikamshukuru hapo hapo, kwa mambo ya tangu darasa la pili ambayo sikuwahi kuyasema. Mama mdogo aliinama akaanza kukusanya vyombo. Bibi alinitazama kwa mashaka, akaniuliza ninamshukuru kwa lipi, wakati yeye ndiye aliyetuletea dizeli.